Kuongeza maji siyo kutengeneza: shofere wa koperative apewe haki ya kusimama

Ndugu wanamemba wa koperative za Kasongo na Kabambare,

Karibu kila gari inayobeba mavuno yetu iko na bidoni ya maji nyuma ya kiti cha shofere. Kubeba maji njiani ni akili nzuri. Lakini siku hizi ile bidoni imekuwa ndiyo fundi wetu. Motere inachemka, tunasimama, tunamimina maji, tunaendelea. Mbele kidogo inachemka tena, mtoto anashuka mtoni na bidoni, tunamimina tena. Tukifika tunamshukuru Mungu, tunashusha magunia, na hakuna anayeuliza: yale maji yote tuliyotia yamekwenda wapi?

Sisi tunaoandika gazeti hili tunaona kwamba hilo ndilo swali ambalo komite ya koperative inapaswa kuuliza kabla ya gari kupakia tena. Motere yenye afya hainywi maji. Maji yanazunguka ndani yake, yanachukua moto, yanaupeleka kwa radiatere, upepo unaupoza, yanarudi. Ni maji yale yale, wiki kwa wiki. Yakipungua, kuna mahali yanapotokea. Koperative isiyotafuta mahali pale inaahirisha deni tu, na deni hilo linazaa kila kilomita.

Kuna wanaosema hayo ni maneno ya mashofere na mafundi, mkulima hayamuhusu. Sisi tunasema yanamuhusu kabisa, na tutaeleza ju ya nini.

Nani anapoteza motere ikifa

Tuangalie njia zetu. Mpunga, mahindi, karanga na mafuta ya mawese vinatoka vijijini kwa njia za udongo. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope. Anayepeleka mzigo kwa treni anapaswa kuvuka Lualaba kwanza, maana stesheni ya Samba iko ng'ambo ya mto. Anayepeleka Kindu ana safari ndefu ya barabara. Anayetoka Kabambare, Wamaza au Salamabila anajua mwenyewe namna kamio inavyolia kwa jiwe la kwanza mpaka la mwisho. Kwa njia kama hizo gari inakwenda polepole, iko na mzigo mzito, motere inafanya kazi kubwa, na upepo unaoingia kwa radiatere ni kidogo. Hiyo ni hali mbaya kuliko zote kwa motere yenye maji pungufu.

Sasa motere ikifa katikati ya safari, shofere atapata kazi kwingine. Fundi atapata kazi, tena kubwa. Anayebaki na hasara ni mwenye magunia. Mpunga unanyeshewa, karanga zinapata unyevu na kuota ukungu, siku ya soko inapita, na mnunuzi anajua kwamba tumekwama, kwa hiyo anashusha bei. Kiisha koperative inaanza kutafuta kulasi, kile kichwa cha chuma cha juu ya motere, ambacho hakipatikani kwa duka la kijiji. Kinaagizwa mbali, kinangojewa, na gari inalala majuma.

Na mwanzo wa yote mara nyingi ni kitu kidogo: kolye iliyolegea, tiyo ya mpira iliyopasuka, kifuniko cha radiatere ambacho mpira wake umekufa. Bei ya kolye moja haifiki bei ya gunia moja la mahindi. Huo ndio uzito wa jambo hili kwetu: kitu kidogo kilionekana mapema, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusimamisha gari kwa ajili yake.

Maji yanatoka kwa njia mbili

Si lazima uwe fundi ili ujue maji yanakwenda wapi. Yanatoka nje, au yanaingia ndani ya motere. Hakuna njia ya tatu.

Tuanze na nje. Jioni gari ikilala, weka kartoni kavu chini ya motere. Asubuhi iangalie kabla ya mtu kuisogeza gari. Doa liko mbele, chini ya radiatere? Liko chini ya pompe ya maji? Liko nyuma, karibu na ukuta wa kabine? Kartoni inakuonyesha upande wa kuanzia. Halafu fungua kapo na uangalie kwa macho. Maji yaliyovuja yakakauka yanaacha alama: weupe kama chumvi, au rangi ya kutu, au rangi ya dawa ya radiatere kama mlitia dawa. Angalia pale tiyo zinapoingia, chini ya kila kolye. Bonyeza tiyo kwa vidole motere ikiwa baridi. Tiyo nzuri inarudi mahali pake. Ile iliyolainika kama muhogo ulioiva, au iliyokauka ikawa na nyufa, imekwisha, hata kama bado haijavuja.

Pompe ya maji iko na tundu dogo chini yake. Hilo liliwekwa makusudi na watengenezaji. Mpira wa ndani ukichakaa, maji yanatokea pale ili yakuonye. Mtu asilizibe kwa msumari wala kwa sabuni. Kuliziba ni sawa na kumfunga mdomo mtu anayekuita. Na ukishika puli ya pompe, motere imezimwa, ukaona inachezacheza, pompe hiyo haiko mbali na kufa.

Kisha kifuniko cha radiatere. Wengi wanakidharau, wengine wameweka kitambaa na kipande cha mti mahali pake. Kifuniko kina kazi kubwa: kinashikilia presha. Maji ya kawaida, bila presha, yanachemka kwa digri 100 au chini yake kidogo. Kifuniko kizuri cha bar 1 hivi kinayafanya yasichemke mpaka karibu digri 120. Ukikiondoa, au mpira wake ukiwa umepasuka, maji yanachemka mapema, yanamwagika nje kwa mvuke, na wewe unadhani motere ndiyo mbovu. Kuna alama nyingine: motere ikishapoa, ukiona tiyo ya juu imenyonywa ikalala bapa kama ulimi, kifuniko hakirudishi hewa wala maji. Kibadilishwe, na kiwe cha namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu yake.

Sasa ndani. Ikiwa kartoni ni kavu, tiyo ni nzima, pompe ni kavu, lakini maji yanapungua kila siku, tuwe na wasiwasi mkubwa. Kati ya kulasi na mwili wa motere kuna gasketi, ile mafundi wetu wanaita «joint». Ikiungua, maji yanaingia mahali pa moto au mahali pa mafuta. Alama zake ni hizi:

Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Ukiona mafuta yamekuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, maji yameingia kwa mafuta. Msiwashe tena motere hiyo, hata kwa kilomita moja.

Angalia moshi. Asubuhi moshi mweupe kidogo ni wa kawaida, unakwisha motere ikipata moto. Lakini moshi mweupe mzito unaoendelea hata motere imeshapata moto, hilo ni jambo la kuita fundi.

Motere ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa, tazama. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki ndani. Mapovu yasiyoisha ni gesi ya motere inayoingia kwa maji. Vilevile, tiyo ya juu ikiwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, wakati motere bado ni baridi, presha hiyo haitoki kwa maji. Kipimo hiki kifanywe haraka, zima kabla motere haijapata moto, na mtu yeyote aliyevaa kikwembe au shati la mikono mirefu asikaribie vantilatere na kuruwa.

Inachemka wakati gani?

Kuna gari zinazochemka bila kupoteza maji. Hapo shofere akija kusema «motere inashofe», komite imuulize: inashofe wakati gani? Jibu lake ni nusu ya dawa.

Ikiwa inachemka gari inapokwenda polepole au imesimama huku motere inanguruma, na ikikimbia kidogo inapoa, tafuta kwa upande wa upepo. Kuruwa ya vantilatere imelegea au imeanza kung'aa na kuteleza. Ibonyeze kwa kidole gumba katikati: ikishuka zaidi ya sentimita moja hivi, ikazwe.

Ikiwa inachemka kwa mlima na kwa mzigo, lakini bila mzigo iko sawa, radiatere haitoshi kupoza. Kwa njia zetu sababu ya kwanza ni uchafu wa nje: matope yaliyokauka, mbegu za majani, wadudu. Radiatere inaonekana nzima mbele, kumbe katikati yake imezibwa kama ukuta wa nyumba. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa motere kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Sababu ya pili ni uchafu wa ndani, yaani kutu na tope tulilolileta wenyewe kwa bidoni ya mtoni.

Ikiwa inachemka mapema sana, safari haijafika popote, na tiyo moja ya radiatere ni ya moto kali wakati ile nyingine ni baridi, huenda termosta imekwama ikiwa imefungwa. Termosta ni mlango mdogo unaofungua njia ya maji. Nyingi hufunguka kati ya digri 76 na 90. Inaweza kupimwa jikoni: itie ndani ya sufuria ya maji na uyapashe. Ikiwa maji yanachemka na mlango bado umefungwa, termosta imekufa.

Jambo moja zaidi ambalo limeua motere nyingi. Mshale wa moto kwa dashibodi unapima moto wa maji. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati motere inaungua. Shofere akiona mshale ulikuwa juu, ukaanguka ghafla bila sababu, asifurahi. Asimame.

Mazoea ambayo tunayakataa

La kwanza ni kutoa termosta na kuitupa. Tumesikia mara nyingi: «Huku kwetu kuko joto, termosta ni ya Wazungu.» Hapana. Bila termosta motere inachelewa kupata moto wake wa kazi, inakula mazutu zaidi na inachakaa mapema. Na kwa motere nyingine jambo ni baya zaidi: termosta ile ile ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwa radiatere, na motere inachemka kuliko mwanzo. Termosta iliyokufa inabadilishwa.

La pili ni kutia yai, unga, pilipili au tumbaku ndani ya radiatere ili izibe tundu. Inaweza kukufikisha kijiji cha mbele. Lakini ile tope haichagui tundu. Inaziba pia vitiyo vyembamba ambamo maji yanapita. Ukifanya hivyo kwa shida ya msituni, ujue kwamba ukifika radiatere inashushwa na kuoshwa. Mtu asiseme «imekauka yenyewe».

La tatu ni kufungua kifuniko motere ikiwa moto. Maji ya ndani yamepita digri 100. Kifuniko kikifunguka tu, yanalipuka usoni na kifuani. Ngoja mpaka mkono wako uweze kukaa juu ya tiyo ya juu bila kuungua. Hiyo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Hata hapo, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, fungua hatua ya kwanza tu, acha pumzi itoke.

La nne ni kumwaga maji baridi ndani ya motere inayowaka. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinapasuka au kinapinda. Kulasi iliyopasuka njiani haitengenezwi njiani.

La tano linahusu watoto na mbuzi. Dawa ya radiatere, ile likidi ya kijani, nyekundu au pinki, ni nzuri kwa motere: inazuia kutu na inapandisha kidogo moto wa kuchemka. Lakini aina nyingi ni sumu, na ina utamu. Mtoto anaweza kuinywa, mbuzi na mbwa pia. Isiwekwe kwa chupa ya maji wala ya limonadi, na iliyomwagika ifunikwe kwa udongo mahali ambapo wanyama hawanywi. Kama dawa haipatikani, tumieni maji safi ya mvua yaliyochujwa. Hayo ni bora kuliko ya mtoni yenye tope.

Kwa koperative zenye mashini tu

Wengi wenu hamna gari, muna mashini ya kukoboa mpunga au ya kusaga. Tunataka tuseme neno hapa, kwa sababu mashini nyingi za mazutu za silinda moja haziko kama gari. Zile zenye tanki ya maji iliyo wazi juu zimetengenezwa ili maji yachemke na kutoka kwa mvuke. Ndivyo zinavyojipoza. Kwa hiyo mvuke hapo si ugonjwa, na kuongeza maji ni kazi ya kila siku. Hatari yake ni kumsahau: mwenye mashini anapiga hadithi na wateja, maji yanashuka chini ya kichwa cha motere, mashini inashika. Mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia maji, na aongeze kidogo kidogo kabla hayajashuka sana. Lakini hata kwa mashini hiyo, mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, au maji yakipungua haraka kuliko siku zote kwa kazi ile ile, simamisheni.

Nani ana haki ya kusema «tusimame»?

Sasa tunafika kwa jambo lenyewe. Mambo tuliyoeleza hapo juu mashofere wengi wanayajua. Wanajua kolye inavuja. Wanajua kuruwa inalia. Ju ya nini basi wanaondoka? Kwa sababu magunia yameshapakiwa, wanamemba wamekaa juu ya mzigo, soko ni kesho, na kila mtu anamwambia: «Weka tu maji, papa, tutafika.» Shofere akikataa anaitwa mvivu, au mtu anayetafuta pesa ya kula njiani. Akikubali na motere ikafa, anaitwa muuaji wa gari ya koperative. Pande zote mbili amefungwa.

Maoni yetu ni kwamba koperative yenyewe imfungue. Mkutano mkuu uandike kwa maneno machache: shofere akiona maji yanapungua bila sababu, au mshale umepita alama, ana haki ya kusimama na ya kukataa kuondoka, na hakuna atakayemkata mshahara kwa sababu hiyo. Haki hiyo iambatane na wajibu. Aonyeshe mahali, kwa mkono wake, mbele ya mwanamemba mmoja wa komite: maji yanatoka hapa, au alama ni hii. Kwa njia hiyo shofere mwema analindwa, na yule mwongo anaonekana.

Pili, kuwe na kaye ya maji. Kila asubuhi, motere ikiwa baridi, shofere apime na aandike: tarehe, kilomita, maji yaliyoongezwa ni kiasi gani, mafuta yako namna gani, kartoni ilikuwa kavu au na doa. Ni mstari mmoja tu. Baada ya majuma mawili kaye inasema ukweli ambao mdomo hausemi. Gari iliyokuwa haiongezwi kitu, ikaanza kuomba nusu lita, kisha lita moja, hiyo inaomba fundi, na inaomba wakati bado ni bei nafuu.

Tatu, akiba. Sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, na ambayo inatuhusu tangu inchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012, inataka koperative itenge akiba kabla ya kugawana faida. Akiba ile ni ya koperative nzima na ina kanuni zake. Sisi tunaomba pamoja nayo kasha dogo la gari: kwa kila gunia linalopanda, pesa kidogo iliyokubaliwa na mkutano inaingia kwa kasha la kolye, tiyo, kuruwa, kifuniko na kazi ya fundi. Mwekahazina aiandike mbali na pesa zingine, na ikaguliwe kama zingine.

Nne, koperative jirani zishirikiane. Kuna pompe ndogo ya mkono ya kupima presha ya radiatere. Inafungwa mahali pa kifuniko, unapiga presha motere ikiwa baridi, na maji yanatokea pale penye tundu mbele ya macho yako bila kungoja safari. Koperative moja haiwezi kuitumia kila siku. Koperative nne au tano zinaweza kununua moja na kuiweka kwa fundi wanayemwamini.

Wanaotupinga

Wa kwanza anasema: hatuna pesa za fundi. Tunamjibu kwamba kartoni ni bure, kuosha radiatere ni bure, kukaza kolye ni bure, na kuangalia kijiti cha mafuta ni bure. Tumeomba kwanza macho, pesa zinafuata. Na pesa ambazo hazipo kwa kolye leo, mtazitafuta wapi kwa kulasi kesho?

Wa pili anasema: gari si yetu, tunakodisha. Vema, basi muko na nguvu zaidi, maana hamjalipa bado. Kabla ya kupakia, motere ikiwa baridi, mwombeni mwenye gari afungue kapo. Angalieni maji, kifuniko, kuruwa na mafuta. Mtu mwenye gari nzima hatakasirika. Na kwenye mapatano muandike nani anabeba hasara ya mzigo ikiwa motere itashofe njiani.

Wa tatu, na huyu tunamheshimu, ni mama mwenye karanga zake juu ya kamio. Anasema: «Mukisimama siku mbili, mimi soko langu limekwenda. Nani atanilipa?» Ana haki. Kusimama kuna bei, na mara nyingi bei hiyo inamwangukia mtu mwenye kidogo. Ndiyo maana tunasema kazi ya kutafuta uvujaji ifanywe siku gari haina mzigo, na komite iangalie kaye siku mbili kabla ya safari, ili neno «tusimame» lisemwe uani mwa koperative, penye fundi na paa, badala ya kusemwa porini. Na ikitokea lazima kusimama njiani, koperative iwe imeshakubaliana mapema namna ya kuwasaidia wenye mizigo inayoharibika, hata kama ni kulipa pikipiki zichukue magunia ya kwanza.

Msimu wa kubeba mavuno haungoji. Kwa hiyo tunawaomba jambo moja kabla ya mkutano wenu ujao: mtu mmoja wa komite aende asubuhi kwa gari au kwa mashini ya koperative, na kartoni mkononi, pamoja na shofere au mwendesha mashini. Waangalie pamoja, waandike walichoona, na waje kusoma mstari huo mbele ya wanamemba wote. Kama kartoni ni kavu na maji yako sawa, mumshukuru shofere wenu hadharani. Kama kuna doa, mkutano uamue siku ile ile nani analitengeneza, kwa pesa gani, na gari itapakia lini.